Siku Niliyoapa Kwamba Sina Mke

Mwanangu, katika siku zangu zote ipo moja ambayo haijanitoka kichwani. Ni siku niliyokaa mbele ya wakili hapa Homa Bay, nikashika Biblia, nikaapa kwamba sijaoa. Nilikuwa na mke na watoto watatu. Sikuwa kijana mdogo, lakini akili yangu ilikuwa bado inavaa kaptula.

Tangu nistaafu, vijana hunijia kuniuliza habari za kununua nyumba kwa mkopo wa benki, kwa kuwa wanajua nilipita njia hiyo. Sawa, kuuliza si ujinga. Hata mimi niliuliza sana. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya ardhi kupekua rejista, nikahakikisha hati iko kwa jina la muuzaji na si la babu yake. Huku kwetu mashamba mengi bado yako kwa majina ya marehemu, na marehemu hatii sahihi. Nilimleta sarveya tukakagua mawe ya mpaka. Niliambiwa wakili wa benki ni wa benki, nikajitafutia wangu. Nilielezwa kwamba hati itakaa benki, kwamba nyumba itaandikishwa kuwa rehani, na kwamba nikishindwa kulipa itauzwa nikitazama. Yote niliyaelewa. Nilijiona mwerevu kuliko makarani wenzangu wote.

Basi wakili wangu, dada mmoja mpole mwenye miwani, akafikia swali la mwisho.

"Mzee, uko na bibi? Kama yuko, lazima aje akubali na aweke sahihi. Bila hiyo rehani haisimami."

Hapo ndipo nilipojikwaa. Mke wangu, Atieno, alikuwa kwenye boma letu kule Migori, akilima na kulea watoto. Nyumba yake pale bomani ilikuwa inavuja, na kila nilipokwenda mwisho wa mwezi alinikumbusha mabati. Nilijua nikimwambia habari ya nyumba ya mjini, atauliza mabati yako wapi. Tena kwetu, mwanangu, nyumba ya mjini haihesabiwi kuwa nyumbani. Nyumbani ni dala, boma alilolianzisha mwanamume pamoja na mke wake, lenye lango lake. Mjini unalala tu. Nikajiambia, mwanamke wa dala anahusika vipi na mahali pa kulala?

Rafiki yangu wa ofisini akanimalizia kabisa. "Mko na cheti cha ndoa?" akaniuliza. Nikamwambia hatuna, nilipeleka ng'ombe tu kwao Mbita. "Sasa si wewe ni bachela!" akasema, tukacheka. Bachela mwenye watoto watatu! Nawe ukicheka sikulaumu.

Nilimpelekea wakili hoja hiyo, akaweka kalamu chini. Alisema ndoa ya ng'ombe ni ndoa hata mbele ya sheria, na kiapo ni kiapo. Nikashikilia kwamba sina mke. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaandika hati ya kiapo, nikatia sahihi, nikatoka nikipiga mluzi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mwezi. Benki haikupi mkopo wa nyumba bila bima ya maisha, ili ukifa deni lilipwe na watu wako wasitupwe nje. Fomu ya bima ilikuwa na mahali pa kuandika mtu wako wa karibu. Mkono wangu uliandika kabla ya kichwa kufikiri: jina la Atieno, namba yake ya simu, na mbele yake, "mke". Karani wa benki akaziona karatasi mbili zinazopingana. Akapiga simu Migori.

Atieno alikuwa anapalilia mahindi. Aliulizwa kwa adabu, "Mama, wewe ni mke wa huyu bwana? Maana hapa ameapa hana." Alimjibu kwamba atakuja mwenyewe.

Alikuja kesho yake mpaka kwa wakili wangu, amevaa nguo ya kanisani. Wakili alimweleza kwamba anaweza kukataa, na kwamba kwa kile kiapo ningeweza hata kushtakiwa. Kisha akampeleka kwa wakili mwingine, asiyetujua, ili mimi nisiwepo. Huko aliulizwa kama anaelewa rehani ni nini, na kama kuna mtu amemlazimisha. Akasema anaelewa, wala hakulazimishwa. Akatia sahihi. Tulipotoka nje ndipo aliponigeukia.

"Baba Achieng', mambo yako yameisha," akasema. "Mimi naenda kwetu."

Nikadhani ni hasira ya wiki mbili. Nilipata mkopo, nikahamia, nikanunua hata mapazia. Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Akahamia na watoto kwa kaka yake Mbita, akaanza kuanika omena, dagaa wa ziwani, na kuuza. Ndipo nikafanya kama desturi inavyotaka: nikabeba sukari, majani ya chai na unga, nikaenda kwa wakwe kumrudisha mke wangu.

Kaka yake, mzee aliyepokea ng'ombe wangu, alinikaribisha vizuri. Nililetewa samaki na kuon, ugali wetu. Nilipomaliza kunawa mikono, akasema:

"Orwa, mkwe wetu, ng'ombe zako tulikula, hatukatai. Kama ungekuwa umempiga, tungekaa hapa, tukutoze faini, mrudi nyumbani. Kama ungekuwa umeongeza mke wa pili, hayo tumezoea. Lakini wewe ulienda kwa serikali, ukashika Biblia, ukasema huyu mtu hayuko. Sasa unataka tukurudishie nani?"

Mwanangu, niliinuka nikaaga. Yule mzee hakupaza sauti hata kidogo, na afadhali angepaza.

Atieno alinisindikiza mpaka barabarani. Alisema, "Nyumba ni yako, sahihi nilikupa. Mimi nilikuwa nataka tu kuulizwa." Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, kisha akarudi kwao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Deni nililimaliza. Siku benki iliponirudishia hati, rehani ikiwa imeondolewa, nilikuwa na jina langu peke yake kwenye karatasi na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikaiweka sandukuni, nikajipikia chai. Nyumba ina vyumba vitatu, ninalala kimoja. Watoto hupita Desemba, hukaa siku moja, kisha huendelea Mbita kwa mama yao, na mimi siwazuii. Dala la Migori limeota nyasi mpaka langoni. Jioni ni ndefu, mwanangu. Nina upweke, na sioni aibu kukuambia, kwa sababu mficha uchi hazai.

Basi chukua haya. Pekua rejista mwenyewe, usiamini nakala ya hati mkononi mwa muuzaji. Kama ardhi bado ni ya marehemu, ngoja mirathi imalizike mahakamani. Uwe na wakili wako, na usitie sahihi jambo ambalo hujaelezwa ukaelewa. Usiape uongo ili karatasi ziende haraka. Lakini kabla ya wakili, kabla ya benki, kaa na mwenzako umwambie nia yako. Akisema mabati kwanza, msikilize, huenda yeye ndiye anayelowa. Na mkikubaliana, uliza kama majina yote mawili yanaweza kuingia kwenye hati. Sheria inataka sahihi yake, na hiyo unaweza kuipata kama mimi nilivyoipata. Wewe tafuta moyo wake kwanza.

Nyasaye akubariki, mwanangu. Akupe nyumba isiyovuja na mkono safi wa kutia sahihi. Na kila ukichelewa kurudi jioni, akuwekee humo ndani mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi.