Wimbo Usio na Mwenyewe

Siku Bi Kijakazi alipousikia wimbo wa mwali ukitoka kwenye spika ya muuza chipsi, alidhani masikio yanamchezea. Alisimama palepale gengeni, Mkwaja, mpaka akaitambua sauti yake mwenyewe, huku vijana wa bodaboda wakiitingishia vichwa. Aibu ikamshika. Akavuta ushungi usoni, akarudi nyumbani bila kununua kitu.

Tuelewane hapa. Huo si wimbo wa harusini wala wa kubembelezea watoto. Huimbwa ndani, mlango umefungwa, mwali akifundwa, na mwanamume hausikii hata akiwa mume wa kungwi. Kijakazi ndiye kungwi wa Mkwaja tangu shangazi yake alipofariki. Miaka michache nyuma alikuja msichana wa Kizungu, mwanafunzi, mpole kweli, akaomba kurekodi kwa ajili ya masomo yake tu. Wanawake wakamwamini. Mwishoni akauliza wimbo ule ni wa nani, na Kijakazi akajibu kama alivyofundishwa: "Huu hauna mwenyewe."

Kungwi mwenye adabu husema hivyo. Anayejidai wimbo ni wake huonekana amewaibia marehemu. Sasa nenda kawaeleze adabu hiyo wenye studio zao Ulaya. Waliuchukua kwenye maktaba ya chuo cha yule msichana, wakautia midundo ya disko, wakasema wameukuta hauna mwenyewe na bibi kakiri kwa kinywa chake. Mijitu haina haya.

Wanawake wenzake wakamgeuka. Najat, shoga yake wa tangu utotoni, alimwambia usoni, "Umetuvua nguo, Kija." Neno hilo lilimkosesha usingizi.

Akafunga safari hadi Tanga mjini kwa wakili, binti aitwaye Imakulata. Binti alimpa shikamoo, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, mikataba ya kimataifa ya kusifu utamaduni wa jamii ipo," akasema. "Lakini wa kumzuia mtu wa nchi nyingine asiuchukue wimbo wenu, huo mataifa bado yanaujadili."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu kabla sijaanza shule."

"Na sheria yetu?"

"Inazigusa ngoma za jadi, ila haivuki mpaka. Huko studio iliko watauliza mtunzi. Mtu mmoja, mwenye jina. Jamii nzima hawaijui."

Kijakazi akainamisha kichwa. Alichotaka ni kimoja tu, wimbo urudi ndani na mlango ufungwe. Marehemu shangazi atanisamehe, akajiambia.

"Niliutunga mimi," akasema, macho makavu.

Imakulata akashika kalamu. "Na ulivyosema hauna mwenyewe?"

"Andika nilikuwa naona haya."

Uongo ule ulifanya kazi ambayo ukweli uliishindwa. Studio iliogopa kesi, wimbo ukaondolewa mitandaoni. Kijakazi akarudi Mkwaja kifua mbele, akitazamia kushukuriwa. Kumbe habari zimemtangulia, na kila nyumba inajua kwamba Kijakazi kaapa mbele ya wakili kuwa wimbo wa bibi zao ni mali yake.

Haukupita muda mjukuu wa Najat akavunja ungo. Walimwita Kijakazi kwa sababu kungwi mwingine hawana. Mlango ukafungwa, ngoma ikaanza, naye akauanzisha wimbo. Ni wimbo wa kupokezana: kungwi huita, wanawake huitikia.

Akaita. Najat akawa anamfunga mwali kanga ambayo ilikuwa imeshafungwa. Wengine wakaukodolea macho mkeka. Kijakazi akaita tena, na safari hii hata mpiga ngoma akaacha kupiga.

"Maliza tu, Kija," Najat akasema bila kumtazama. "Sisi wimbo wa mtu hatuimbi."