Pungufu: Hakuna

Kwa miaka kumi na moja chekechea ya shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo hakuwa mwalimu. Ndiyo, nimesema hivyo hivyo. Hakuwa na cheti wala barua ya ajira, na jina lake halikuwa popote ambapo serikali huandika majina ya watu inaowalipa. Alikuwa fundi cherehani aliyeingia siku moja kumshikia darasa mwalimu aliyekuwa anaumwa. Mwalimu yule akahamishwa, hakuna aliyeletwa, na yeye akabaki. Watoto walimwita Mwalimu Vidole, kwa sababu alifundisha hesabu kwa vidole vyake kumi, na vikimwishia aliazima vya mtoto wa mbele.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya zamani ya majembe, dirisha moja, sakafu iliyochimbika. Humo walikaa watoto tisini na wanne juu ya magunia, magoti yakigusana. Vizibo vya soda vya kuhesabia aliviokota mwenyewe na kuvichemsha. Alimjua anayeng'ata wenzake, asiyejibu mpaka aulizwe mara tatu, na aliyetoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Wazazi walimpa walichokuwa nacho, mara nyingi shukrani, na shukrani jamani huwezi kuibandika jikoni.

Kitu kimoja kilimpa moyo. Kila mwanzo wa mwaka alikwenda kumuuliza mwalimu mkuu, "Umetuombea walimu?" Na mwalimu mkuu, mtu wa tai na sauti laini, humjibu, "Nimeomba, mama. Serikali ni kubwa, inakwenda polepole." Basi akarudi stooni kusubiri. Hakutaka makuu. Alitaka watoto wale wapate walimu waliosomea kazi, na chumba chenye madawati, kabla mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa mmoja wao, hajavuka kuingia darasa la kwanza.

Mwaka huo karani wa shule alikuwa likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Vidole ofisini, maana mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, akampa fomu ya idadi ya walimu ainakili vizuri ipelekwe wilayani. Fomu yenyewe ina safu tatu: wanaohitajika, waliopo, pungufu. Akaandika darasa la saba, la sita, akashuka taratibu mpaka mstari wa mwisho. Hapo kalamu ikasimama.

"Mwalimu mkuu, hapa umekosea."

"Wapi, mama?"

"Chekechea. Umeandika anahitajika mmoja, yupo mmoja, pungufu hakuna. Huyo aliyepo ni nani?"

Mwalimu mkuu akacheka kidogo. "Si wewe hapo."

"Mimi? Mimi nimeajiriwa na nani?"

"Mama, usinitie maneno. Wakuu wa shule wote tunafanya hivyo. Yeyote anayesimama mbele ya watoto tunamhesabu. Nikiandika hakuna mwalimu, wataniuliza darasa linaendeshwa na nani, na pengine waseme lifungwe. Nimekulinda wewe na watoto."

"Na yale maombi unayoniambia kila mwaka?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Fomu ndiyo maombi."

Lo! Ina maana hakuna aliyeombwa. Mwaka wa kwanza hakuombwa mtu, wa pili hakuombwa mtu, mpaka wa kumi na moja. Ukutani nyuma ya kiti cha mwalimu mkuu kilining'inia cheti chenye fremu, pongezi za wilaya kwa shule isiyo na upungufu wa walimu. Kumbe kila asubuhi aliyoamka na kichwa kinamgonga akaenda kazini, alikuwa akiwazibia wakubwa tundu kwa mwili wake mwenyewe. Na zile sifa za "mama yetu, nguzo yetu" kwenye mikutano ya wazazi zilikuwa kilemba cha ukoka, si kingine.

"Rekebisha," akasema.

"Haiwezekani. Nikirekebisha leo, wataniuliza juzi na jana nilikuwa naandika nini."

"Basi mimi narekebisha." Akaiweka kalamu mezani, akainuka. "Kuanzia kesho yule mmoja hayupo."

Nyumbani mume wake, fundi viatu, alimsikiliza huku akishona soli. Mtu wa maneno machache yule, lakini akiyatoa yana ukali wake.

"Ukigoma, watakaoumia ni watoto. Na mjukuu wako yumo."

"Najua yumo! Unafikiri sijui?" akafoka, machozi yanamlengalenga. "Nikiendelea, mjukuu wake naye atakuja kukaa kwenye gunia lile lile. Niambie nifanye lipi."

Mzee akakata uzi kwa meno. "Sina la kukuambia. Ila usije ukaanza halafu ukarudi njiani. Hapo watakucheka mpaka uzeeni."

Kesho yake akampeleka mjukuu hadi mlango wa stoo, akamvua viatu, akageuka. Watoto walipomwona anaondoka waliangua kilio, na yeye alitembea mpaka getini bila kutazama nyuma, amekaza uso utadhani hana moyo. Alipokata kona akaegemea ukuta wa watu, akalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Siku ya kwanza mwalimu mkuu aliingia stooni mwenyewe, tai shingoni. Dakika ishirini! Dakika ishirini tu, akatoka ana alama ya meno mkononi na tope kwenye suruali. Siku ya pili akawatupia walimu wa madarasa ya juu, wapokezane. Nao wakanung'unika, maana kila aliyeingia stooni aliacha darasa lake bila mtu. Siku ya tatu nusu ya watoto hawakuja, na jioni mwanamke muuza mkaa wa mtaani akagonga mlango wa Mwalimu Vidole, kifua kimejaa.

"Mwanangu kashinda barabarani leo kwa sababu yako. Tulikuona mama, kumbe una roho mbaya hivi!"

"Kaa nikueleze."

"Sikai. Unataka mshahara, si useme unataka mshahara?"

"Mshahara wangu sitaupata hata nikilala pale wilayani. Wanaajiri wenye cheti, wasiozidi miaka arobaini na tano. Mimi nina hamsini na moja na sindano. Kaa chini!"

Muuza mkaa akakaa. Mwalimu Vidole akachukua mkaa kutoka jikoni, akachora safu tatu sakafuni, akamwonyesha. Anayehitajika, aliyepo, pungufu. Akaufuta ule mmoja kwa kisigino. Muuza mkaa akainamia ile alama iliyofutika, akauliza taratibu, "Kwa hiyo huko juu wanaamini tunaye?"

"Wanaamini tunaye na tunatosheka."

"Ala! Na sisi tunawapigia makofi." Akainuka, hasira zimehama upande. Usiku huo hakulala mapema. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi wenzake.

Ijumaa afisa elimu wa wilaya alikuwa anakuja kuhakiki fomu, kwenda darasa kwa darasa kuhesabu vichwa. Alfajiri mwalimu mkuu akafika mwenyewe kwa fundi viatu, kofia mkononi.

"Mama, nakuomba. Saa moja tu. Njoo usimame pale mbele, afisa apite, halafu tutazungumza."

"Nitakuja," akasema Mwalimu Vidole.

Mumewe akamtupia jicho, yeye akampuuza.

Na kweli akaja. Alipofika stooni akakuta wazazi wamejipanga nje ukutani, muuza mkaa mbele yao. Akaingia, akawatuliza watoto, akawakalisha mistari tisa. Kisha akaenda zake nyuma kabisa, akakaa chini kwenye gunia, mjukuu akamrukia mapajani. Mbele ya ubao pakabaki patupu.

Afisa elimu akaingia na faili. Alikuwa kijana nadhifu, ana haraka, shule nne zinamsubiri. Akatazama ubao, akatazama watoto, akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu wa hapa yuko wapi?"

Mwalimu mkuu akanyoosha kidole nyuma. "Yule pale."

"Mama, mbona umekaa? Wewe si mwalimu?"

"Si mwalimu, mwanangu. Mimi ni fundi cherehani. Nimemleta mjukuu wangu shule, nimekuta hana mwalimu."

Nje mtu akacheka kwa sauti. Afisa akafungua faili. "Hapa pameandikwa yupo mmoja."

"Muulize aliyeandika. Muulize na namba yangu ya ajira."

Mwalimu mkuu akaanza kuilegeza tai. Uso wake, niseme ukweli, ulitia huruma. Naye alikuwa mtu mwoga tu aliyeanza na uongo mdogo, ukamzidi kimo.

Afisa akashusha sauti, akaja karibu. "Mama, nisikilize vizuri. Darasa lisilo na mwalimu, utaratibu ni kulifunga. Ukishikilia hivyo, unawafungia hawa watoto mlango. Simama tu pale mbele, niandike yupo, yaishe."

Hilo ndilo lililomkosesha Mwalimu Vidole usingizi wiki nzima, na sasa limetamkwa. Mikono ya mjukuu ilikuwa shingoni mwake. Angeweza kusimama. Hatua kumi na mbili mpaka ubaoni, alizijua, alizitembea miaka kumi na moja.

"Lifunge," akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema lifunge. Andika hapo kwamba watoto tisini na wanne wamefungiwa mlango kwa sababu wilaya haijaleta mwalimu. Andika jina lako chini, utie sahihi, utie na tarehe. Halafu utoke nje uwasomee wazazi wao hawa."

Wazazi walikuwa wamesogea mlangoni, mwanga ukapungua stooni. Afisa aliwatazama, akautazama ukurasa, akabofya kalamu mara mbili tatu. Sahihi yake mwenyewe chini ya maneno yale, hiyo ilikuwa habari nyingine. Kufunga darasa ni rahisi mpaka utakiwe kuweka jina lako. Mwisho akaukata mstari ule wote, akagawa watoto ishirini na tano kwa kila mwalimu kama kanuni inavyotaka, akaandika upya huku akisoma kwa sauti: "Wanaohitajika, wanne. Waliopo, hakuna. Pungufu, wanne."

Mwalimu mkuu akatia sahihi pembeni.

"Lakini wewe, mama," afisa akasema akifunga faili, "usije ukadhani kuna nafasi yako humo."

"Sijauliza nafasi yangu. Nimeuliza yao."

Muhula mzima ulipita. Walimu wa juu walipokezana stooni wakilaani, na Mwalimu Vidole alishona nguo za watu kwa dirisha lililofungwa, asisikie watoto wakipita. Mtaani wapo waliomwita jasiri, na wapo walioacha kumsalimia. Yeye alikonda. Kisha mwalimu akaja. Mmoja, si wanne, lakini wa kuajiriwa, na cheti chake, binti wa miaka ishirini na minne. Wiki ya pili tu binti huyo akagonga kwa fundi viatu jioni, macho yamemvimba.

"Shikamoo, mama. Wameniambia wewe ndiye unayewajua wale watoto."

"Marahaba. Ninawajua."

"Tisini na wanne, mama! Siwawezi. Nakuomba uje unisaidie. Si kila siku, ni mara mbili tatu kwa wiki. Watoto wenyewe wanakuulizia, yule anayeng'ata anakuulizia kila asubuhi."

Mwalimu Vidole akaikamata meza ya cherehani. Ni nani asiyejua alivyotaka kusema ndiyo? Angekwenda usiku ule ule, peku. Mumewe aliacha nyundo hewani, akisubiri kusikia.

"Siji," akasema. "Nikija, tutakuwa wawili, na wewe utaonekana unaweza. Kwenye fomu ijayo wataandika hakuna pungufu, na utazeeka mule peke yako kama nilivyozeeka mimi. Fomu mpya inatoka lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Kaa hapo." Akavuta kiti, akampa kalamu na karatasi. "Nitakuambia mtoto mmoja mmoja alivyo, tisini na wanne wote, uandike. Yule anayeng'ata, mkalishe karibu na mlango, anaogopa giza. Lakini kwanza andika pale juu, kabla hujasahau: pungufu, watatu."