Simama ya Chumba Namba Sita

Kwenye chumba chetu cha upasuaji, namba sita, kuna neno moja ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulisema, hata mimi ninayefungua pakiti na kuivika nailoni mikono ya mashine ya kupasulia. Neno lenyewe ni "simama". Likisemwa, daktari anatoa uso kwenye sanduku lake la kutazamia, na akishautoa tu, mikono yote minne ya mashine inaganda palepale. Hakuna kuuliza kwa nini. Sababu baadaye.

Sista Goedele, muuguzi wetu wa kitandani, alikuwa amelisema mara saba kwa miaka tisa, na zote saba zilikuwa za kweli.

Daktari wetu, Dokta Rombaut, anakaa kona, hatua nne kutoka kwa mgonjwa, kapachika uso kwenye sanduku, vidole kwenye vishikio vya kuendeshea ile mikono. Ndani ya tumbo la mtu anaona kuliko sisi wote. Nje sasa, haoni kitu, wala mkononi hasikii kitu. Mkono wa chuma ukimlalia mgonjwa pajani, yeye hana habari. Habari anayo aliyesimama kitandani, na aliyesimama kitandani ni Goedele.

"Naondoa mkasi, mkono wa pili," anasema Goedele.

"Ondoa."

"Umetoka."

Kutwa nzima hivyo, sauti ya daktari ikitoka kwenye spika juu ya kitanda. Kila kitu kinasemwa, na kikishasemwa kinajibiwa. Mimi mwanzo nilidhani wamegombana.

Kumbe kabla ya mashine hawakuwa wanasema kitu. Goedele alinisimulia mwenyewe, tunakula mkate, jibini na mayai chumba cha mapumziko. Miaka kumi na minne Rombaut alisimama ng'ambo ya meza, wanatazamana. Alikuwa haombi kifaa kwa mdomo. Anainua macho juu ya barakoa, Goedele anajua kama ni koleo au uzi, au kama mambo yameharibika na anaogopa.

"Halafu ikaja mashine, akaenda kona," akasema. "Miaka tisa sasa. Namsikia tu. Unanielewa, Lobke?"

"Nakuelewa, Sista. Unampenda."

"Nani kasema kupenda? Nimesema macho."

"Macho ya nani, ya ng'ombe?"

Akanirushia ganda la yai.

"Sasa si unamwona kila siku kwenye chakula?" nikamwambia. "Kakaa palee."

"Pale anaangalia supu."

Hapo alisema kweli. Rombaut nje ya chumba cha upasuaji ni mtu wa aibu sana. Mke wake alifariki zamani, na tangu hapo akikusalimia anaisalimia sahani yake. Na Goedele naye, mama mzima wa miaka hamsini na nane anayemfokea dereva wa tramu ya kwenda mtaa wa Ledeberg mpaka anafungua mlango tena, mbele ya yule bwana anakuwa kama kamwagiwa maji.

Mimi mambo ya kuzungukazunguka yananipandisha hasira. Nikamwambia, "Si una neno lako? Sema simama, atoe kichwa, mtazamane, umalize hamu yako, arudi kazini. Nani atajua?"

Akaweka kikombe chini.

"Lile neno si langu, mtoto. Ni la aliyelala."

Na hata alipolisema kwa haki halikumsaidia. Mwezi wa pili mkono wa nne ulimshukia mzee mmoja pajani, Goedele akasema simama, Rombaut akatoa kichwa. Nilikuwepo. Akaangalia mkono, akaangalia paja, wakauinua, akasema, "Vizuri, Sista," akarudi ndani. Macho yake hayakufika kwenye uso wa Goedele kabisa.

Sasa mwezi wa tano ikasikika kwamba Rombaut anahamia Bergen, Norwei, kufundisha. Siku yake ya mwisho ni Alhamisi, upasuaji mmoja tu, tezi dume ya mzee anayefuga njiwa wa mashindano, ambaye mpaka anapewa usingizi alikuwa anatuuliza nani atawalisha njiwa Jumamosi.

Goedele asubuhi ile hakutania. Alikagua mikono yote, akapitisha ngumi kati ya kila mkono na mwili wa mzee, nafasi ile ile anayotaka siku zote. Nikamuuliza, "Utamwambia kitu leo?"

"Nitamwambia mkasi umetoka."

Kazi ikaenda masaa matatu bila shida. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilitamani shida kidogo tu, Mungu anisamehe. Rombaut alikuwa anashona mshono wa mwisho. Nikamwangalia Goedele. Mikono yake iko kwa mgonjwa, lakini macho yameenda kona, kwenye kile kisogo kilichoinama. Nimewahi kumwona mtu stesheni anaangalia treni iliyokwisha kuondoka. Ndivyo alivyokuwa.

Nikasema, "Simama."

Sikupanga. Lilitoka.

Mikono ikaganda. Daktari wa usingizi akaruka kwenye mashine zake. Rombaut akatoa uso, una alama nyekundu kwenye paji, na safari hii hakuangalia mkono wowote. Alimwangalia Goedele moja kwa moja, kama mtu anayesubiri kuambiwa habari na chochote atakachoambiwa atakiamini. Akakaa hivyo, hapepesi.

Na Goedele? Goedele aliposikia simama aliinama. Alipitisha ngumi pajani, akaingiza mkono chini ya shuka la kijani, akapapasa goti, bega, vidole, akaangalia kila mkono wa chuma kutoka juu mpaka chini. Hakuinua kichwa hata mara moja. Moyoni nampigia kelele, mwangalie, mama, mwangalie, lakini mdomo ulikuwa umeshafanya kazi yake.

"Sioni kitu," akasema, bado kainama. "Lobke, umeona nini?"

"Nilidhani mkono wa nne umegusa."

"Kuna nafasi ya ngumi. Yuko salama. Endelea, daktari."

"Naendelea," Rombaut akasema. Kichwa kikarudi ndani.

Alipomaliza alitushukuru wote kwa pamoja, akatoka kwa mlango wa upande wake. Goedele alikuwa bado anashona matundu madogo ya tumbo la yule mzee. Mtu huwezi kuacha ngozi ya mtu wazi ukamkimbilia msafiri.

Chumba cha kubadilishia nguo Goedele akafunga mlango nyuma yetu.

"Uliona kitu kweli?"

"Hapana, Sista."

Nilijiandaa kupigwa kofi. Hakunipiga, hata sauti hakupandisha.

"Kesho mtu akisema simama, daktari atajiuliza kwanza kama ni kweli. Nusu sekunde. Hiyo nusu sekunde ni mshipa wa mtu umekatika. Utaiandika kwenye kitabu cha makosa, kwa jina lako, leo hii."

Nikaiandika. Walinitoa namba sita miezi mitatu, nikasukume vitanda vya wazee. Nilistahili.

Lakini siku ile kabla hajafungua mlango alikaa kwenye benchi, kavua kofia, nywele zimelala.

"Aliangalia wapi?" akauliza.

"Alikuangalia wewe."

"Muda gani?"

"Wote. Mpaka ulipomwambia endelea."

Anakunja ile kofia, anaikunjua.

"Macho yalikuwaje?"

Mimi shule niliiacha mapema, maneno ya namna hiyo sina. Nikasema yalikuwa mekundu kidogo. Nikasema yalikuwa yanasubiri. Nikaona hayatoshi, nikakwama.

"Polepole," Goedele akasema. "Anza pale alipotoa kichwa."

Nikaanza tena.