Niliitikia Hodi ya Kompyuta

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika nyumba ya mama yangu mtaani Barani, hapa Malindi. Sikusimuliwa na mtu wala sikuyaota. Nimesoma hadi chuo kikuu, na kwa miaka mingi niliwacheka waliosema mambo kama haya. Kwa hiyo ukinicheka nawe, sitakulaumu. Naomba tu usikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unakuhusu.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa karani katika hoteli moja ya ufuoni, na mwenye hoteli, Mtaliano aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja, aliniachia kompyuta yake kuukuu. Mtaani kwetu hapakuwa na nyingine. Niliiweka juu ya meza katika chumba cha Mama, chini ya dirisha, na nilipomaliza kazi niliifunika kwa leso yake ili isiingie vumbi.

Niliiweka humo kwa ajili ya Mama. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za harusi. Tangu Shela hadi Mambrui, hapakuwa na harusi ya heshima isiyoimbwa wimbo wake, wanawake wakipiga pembe za nyati kwa vijiti na kuitikia. Hakupata kuandika hata mmoja. Zote zilikuwa kichwani mwake. Sasa alikuwa kitandani, kifua kimeharibika, na daktari alikwisha kunivuta kando akaniambia nisiweke matumaini.

"Ziandike," Mama aliniambia. "Zikishuka nami, utakuwa umenizika mara mbili."

Nikaanza. Kila alasiri nikitoka kazini, yeye alisema na mimi nikapiga chapa. Programu ya kuandikia alininakilia kwenye disketi rafiki yangu Karisa, mtu wa Ganze aliyekuwa fundi wa redio mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa mjini. Aliponikabidhi alisema, "Andika na kwenye daftari pia. Kitu hiki kikikohoa mara moja tu, umekwisha." Nilimcheka. Msomi mzima mwenye kompyuta nyumbani, daftari la nini tena?

Niamini, nyimbo kumi za kwanza ziliingia bila taabu. Tulipokuwa kwenye wimbo wa kumi na moja, kisanduku kidogo kilitokea katikati ya kioo, juu ya maandishi yangu, kimezungushiwa mstari wa kijani. Ndani yake palikuwa na neno moja: HODI.

Nilibonyeza kitufe, kikaondoka. Kikarudi. HODI. Mama akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia kuna mtu anabisha hodi ndani ya mashine.

"Nawe unamwacha mlangoni?" akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kikarudi mara ya tatu.

Hapo ndipo nilipokosea, na sidhani mtu wa kwingine angefanya kosa hilo. Sisi tulifunzwa tungali wadogo kwamba mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka bila kinyongo. Lakini tulifunzwa pia kwamba kumwacha mtu mlangoni nawe umo ndani ni utovu wa adabu. Kama ningenyamaza mara ile moja tu, angekwenda zake. Vidole vyangu vilitangulia akili. Niliandika: KARIBU.

Tangu saa ile sikupata raha. Visanduku vilianza kumiminika, kila kimoja kina kitu cha kuuza, kama mchuuzi asiyejua kuchoka. NINA UDI WA KUFUKIZA NYUMBA NZIMA, UNATAKA? Nikiandika hapana, kinauliza KWA NINI. NINA HALUA, INGALI MOTO. NINA LESO AMBAYO HAJAIVAA MTU. Nilizima mashine nikaiwasha tena, vikarudi. Hata hivyo niliudhika tu, sikuogopa. Wewe ungeogopa halua?

Hofu ilikuja nilipotazama kilichokuwa chini ya visanduku. Kila kilipokaa kimoja, mistari kiliyoifunika haikuwapo tena. Palibaki nafasi tupu ya ukubwa ule ule. Nikamgeukia Mama, nikamwomba anirudishie ubeti wa pili wa wimbo wa jana.

"Wimbo gani?"

"Ule wa kumvisha bibi harusi viatu, Mama."

"Huo si wangu, mwanangu. Huo siujui."

Nilikwenda dukani nikanunua daftari. Nilikuwa nimechelewa. Niliporudi, kisanduku kingine kilikuwa kinaningoja: NINA WIMBO WA KUMPOZA MAMA WA BIBI HARUSI, UNATAKA? Wimbo huo nilikuwa sijauandika. Mama aliniahidi kunipa siku ya pili yake. Nilipomuuliza, alitikisa kichwa. Basi niliandika NDIYO. Niliandika mara kumi, labda zaidi. Kisanduku hakikunijibu, kilileta jina la wimbo mwingine, kisha mwingine, na kila nilipomsomea Mama jina, alinitazama kama mtu anayeulizwa habari za mji ambao hajapata kufika.

Nilimwita Karisa, nikamweleza habari za hodi. Alikuja na bisibisi na disketi safi, akahangaika kwa muda, kisha akaacha.

"Ulimwitikia?"

"Nilimkaribisha."

Alirudisha bisibisi mfukoni. "Ndugu yangu, virusi vya mashine navijua, navitoa kila siku. Huyu si kirusi. Wewe ulimfungulia mwenyewe."

"Basi nimtoe vipi?"

"Waniuliza mimi wa Ganze? Nyinyi watu wa mjini ndio mabingwa wa wageni. Umewahi kumtoa mtu uliyemkaribisha kwa mdomo wako?"

Tuling'oa nyaya, akaibeba kompyuta begani, akaondoka nayo.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimerudi kutoka msikitini, nimekaa karibu na Mama, daftari gotini halina hata neno. Mlango wa mbele niliutia komeo.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamume, ya upole.

Nikakaza meno.

"Hodi."

Nikajua imebaki moja.

"Hodi, wenyewe."

Nilinyamaza. Naapa kwamba nilinyamaza. Lakini kutoka kitandani, kwa sauti yenye nguvu ambayo sikuisikia tangu augue, mama yangu alisema, "Karibu, pita ndani," kama alivyomwambia kila aliyebisha katika maisha yake yote.

Nilisikia komeo likiteleza. Aliingia mtu wa umri wangu, kanzu imepigwa pasi, viatu ameviacha kizingitini. Mkononi alikuwa na kisanduku cha mbao, kadiri ya kile cha kwenye kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetuletea nini?"

"Leo sikuleta kitu. Mwanao alinikaribisha, nami sasa nimekuja kuaga."

Mama akanigeukia. "Muone mwenzako alivyo na adabu. Wewe hata kuitikia hodi waona tabu."

Mgeni akaketi kwenye kigoda, akaimba. Hakuimba kwa sauti ya kiume. Ilikuwa sauti ya mama yangu alipokuwa kijana, sauti niliyoisikia mara ya mwisho nikiwa mtoto wa kubebwa. Aliimba nyimbo zake zote, na kila uliokwisha alikifunua kisanduku chake kidogo, kana kwamba autia ndani, akakifunika tena. Nilisikia kila neno. Niliandika haraka mpaka mkono ukaniuma. Mama alisikiliza akitabasamu, kidole chake kikigonga ubao wa kitanda pale penye mapigo. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, alininong'oneza:

"Nyimbo nzuri mno hizi. Ni za nani?"

Nilishindwa kumjibu. Kwa nini sikusema, "Ni zako, Mama"? Maneno matatu tu. Nimejiuliza hivyo tangu siku ile, wala sitegemei kupata jibu.

Mgeni aliinama kwa heshima, akavaa viatu, akatoka. Nilimfuata. Uchochoro ulikuwa mtupu, jua linawaka. Mwanamke muuza viazi karai aliyekaa mkabala na mlango wetu alisema hakuona mtu akiingia wala akitoka isipokuwa mimi. Nilirudi ndani nikafungua daftari. Kurasa zilikuwa na mistari ya kiwandani tu, bila neno hata moja.

Mama alifariki kabla ya Ijumaa iliyofuata. Alikwenda kimya, bila wimbo. Nami nimehudhuria harusi nyingi Mambrui tangu hapo. Wanawake wangali wanapiga pembe vilevile, lakini wakifika mahali pa wimbo wa Mama hufungua midomo, kisha hutazamana, mmoja wao akaanzisha wimbo mwingine.

Sasa nimevuka arobaini. Nafanya kazi Kilifi, ofisini, na mashine nilizozitumia ni nyingi. Katika kila moja huja siku ambayo kisanduku kile hutokea: HODI. Waliokaa nami hawakioni. Mimi huweka mikono mapajani, nikangoja mpaka ya tatu ipite.

Nawe fanya hivyo. Usichokijua kikikubishia, usikiitikie kwa adabu, wala kwa mzaha, wala hata kwa kukataa, maana hapana nayo ni jibu. Nyamaza mpaka kiondoke.

Nakuonya wewe kwa sababu nafsi yangu siwezi kuidhamini. Nyimbo za mama yangu zimo mle kisandukuni, zote, na hazipo mahali pengine popote duniani. Juzi, kilipotokea mara ya tatu, nilitazama kioo nikakuta nimekwisha kuandika KAR.