Steji ya Arobaini

Juzi tulitumwa mjini Embu na mwalimu, mimi na msichana mwingine wa kidato cha tatu, tukapita nyuma ya karakana moja wanakochaji betri za magari. Zilikuwa zimepangwa chini, vifuniko vimefunguliwa, zinatoa povu, na ile harufu kali ya asidi ikanikwaruza koo. Mwenzangu akaziba pua. Mimi nilisimama. Nilisimama mpaka akaniuliza kama nimeona nyoka.

Sikumjibu. Kwangu mimi kumjibu mtu ni kazi kubwa, ndiyo maana ninaandika. Basi wewe unayesoma ndiwe wa kwanza kuambiwa: harufu ile ni ya likizo ya Agosti, nikiwa darasa la sita, kule kwetu Siakago.

Hatukuwa na stima. Baba, karani wa ofisi ya kilimo, alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, na televisheni hiyo ilikula betri ya gari. Kila Jumamosi mchana betri ilipakiwa kwenye wilbaro, ikapelekwa sokoni kwa mwenye mashine ya kusaga, ikachajiwa, ikarudi jioni inanuka asidi ile ile, imefunikwa gunia kama mgonjwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, taarifa ya habari. Ukigusa waya wake nje ya saa ya habari ulikuwa unatafuta maneno na Baba.

Likizo hiyo kaka yangu Ireri, aliyekuwa kidato cha pili shule ya bweni, alirudi na mashine ya gemu aliyoazimwa na mwanafunzi mwenzake. Kilikuwa kitu cheupe, chepesi kama boksi la viatu, na kibonyezo chenye waya mrefu. Tulitarajia bunduki na magari ya mbio. Hakukuwa na bunduki. Kulikuwa na mtu mdogo aliyefungiwa ghalani pamoja na masanduku, na alama sakafuni zinazoonyesha kila sanduku linapotakiwa kukaa. Mtu yule aliweza kulisukuma sanduku, lakini hakuweza kulivuta. Ukilisukuma likaingia kona, limekufa, anza upya. Steji zilikuwa arobaini, na kila ukimaliza moja ulipewa neno la siri la kufungulia inayofuata. Ireri alikuwa amemaliza ya thelathini na tano huko shuleni.

Baba aliitazama mashine ile kama anavyotazama mahindi yenye ugonjwa. Mwishowe akasema mabaki ni yetu. Maana yake, chochote kitakachobaki ndani ya betri baada ya habari za Ijumaa, tukimalize Jumamosi asubuhi kabla haijapelekwa sokoni. Mabaki hayo hakuna aliyejua ni dakika ngapi. Ulijua yanaisha pale picha ilipoanza kunywea, weusi unaingia kutoka pembeni, mpaka ghala zima linakuwa dogo kama kiberiti.

Jumamosi ya kwanza nilipewa zamu. Nikafanya kama mtu yeyote wa kwetu anavyoingiza mbuzi zizini: aliye karibu na mlango anaanza. Nikasukuma sanduku la karibu kwenye alama ya karibu, nikaziba njia, na manne yakabaki nje. Tena nilichukua muda mrefu kufanya kosa hilo.

“Huyu anasukuma ama anaombea?” akauliza Nyaga, rafiki wa Ireri wa nyumba ya pili.

“Wawira, lete hapa. Unamaliza betri bure,” akasema Ireri.

Nikarudisha. Toka hapo nikawa mtazamaji.

Labda utaona ni jambo dogo. Lakini nyumbani nilikuwa tayari na jina. Wageni wakija, Mama aliwaambia, “Huyu ni mzito kidogo, lakini ni mtiifu,” nao wakanitazama kwa huruma huku wakinywa chai. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho mtu yeyote asingeweza kusema nilisaidiwa. Nikaapa kimoyomoyo kwamba steji ya arobaini nitaimaliza mimi, kwa mikono yangu, kabla Ireri hajarudi shuleni na mashine.

Nilianza kuyachora maghala yale nyuma ya daftari langu la dini, mraba kwa mraba, wakati wenzangu wanapiga kelele. Katikati ya wiki, hakuna betri, nilichora ghala lote kwa kijiti kwenye vumbi nyuma ya jiko. Mtu alikuwa punje ya mahindi. Masanduku yalikuwa maharagwe. Alama nilizitia majivu. Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka kuku wa Mama alipomeza sanduku la nne, akamalizia na mtu mwenyewe. Nikahamia kwa kokoto.

Kokoto hazikuliwa, lakini nazo zilinishinda. Kila nilipojaribu, moja ilibaki nje inanicheka. Siku moja Cucu, nyanya yetu, akaniita nimsaidie kupanga magunia ya ndengu na mtama kwenye ghala lake la fito, lenye mlango wa kuinamia. Nikaburuta gunia la kwanza, nikaliacha pale pale mlangoni.

“Toa hapo!” akasema Cucu. “Sasa utapitia wapi na hayo mengine, juu ya paa? Cha kuliwa mwisho ndicho huingia kwanza, wee.”

Kisha akafanya kitu ambacho nilikuwa nimekiona kila mwaka bila kukiona. Alisimama mlangoni, hakugusa gunia lolote. Akatazama kona ya mwisho kule ndani, akarudi kwa macho nafasi moja moja mpaka miguuni pake. Alimaliza kulijaza ghala kabla hajanyanyua kitu.

Nilipanga magunia yale haraka kuliko siku zote, Cucu akashangaa.

Jumamosi mbili zilizofuata Ireri alizimaliza steji nne kwa mikono mepesi na bahati. Ya arobaini ilipofunguka, picha ilikuwa tayari inanywea. Nilikuwa na penseli mkononi. Ghala lilipozimika, nilikuwa nimeshalichora lote.

Nikapata wiki nzima. Nilianzia mwisho. Niliweka kokoto zote kwenye majivu, kana kwamba kazi imekwisha, nikajiuliza: ipi iliingia ya mwisho? Ilisukumwa kutoka wapi? Basi ilikuwa hapa. Na kabla yake? Nikawa nairudisha kazi nyuma, kokoto baada ya kokoto, na kila hatua niliyokuwa na hakika nayo niliiandika kwa herufi moja: J ya juu, C ya chini, S ya kushoto, L ya kulia. Nikikosea nilifuta jibu lote, sikufuta nusu. Jua la Agosti kwetu halina adabu, lilinichoma shingo mpaka ngozi ikabanduka. Alhamisi Mama akalifungua daftari la dini, akakuta ukurasa mzima wa JJSLLC.

“Wawira, hii ni lugha gani? Umejiunga na kanisa gani wewe?”

“Ni hesabu, Mama.”

“Hesabu gani haina namba?” Akanirudishia daftari, akaondoka. Nadhani aliniombea usiku ule.

Ijumaa nilizifuata herufi zote kwa kokoto, mara tatu, kutoka mwanzo. Mara zote tatu ghala lilijaa.

Jumamosi ya mwisho Ireri na Nyaga walikaa mbele kama kawaida. Walijaribu, wakakwama. Wakaanza upya, wakakwama pale pale. Nilikuwa nimekaa nyuma yao na daftari kifuani, na neno moja kooni: nipe. Neno la silabi mbili. Nilikuwa nimetatua steji nzima, neno hilo likanishinda. Wakakwama mara ya tatu, na weusi ukaanza kuingia pembeni.

“Nipe,” nikasema.

Hawakusikia. Nikasema tena, na safari hii hata kuku pale nje walisikia. “Nipe! Mimi ninaijua!”

Nyaga akageuka. “Huyu? Na hii betri? Hata Krismasi atakuwa bado anafikiria.”

Ireri alinitazama, akatazama daftari, akanipa kibonyezo. Sijui kwa nini. Labda alichoka.

Nikaanza kusoma na kubonyeza. Juu, juu, kushoto.

“Harakisha basi!” akafoka Nyaga. “Inakufa, inakufa!”

Sikuharakisha. Nilijua kosa moja haliwezi kuvutwa kurudi. Sanduku la kona ya mbali likaingia. La pili. La tatu. Nyaga akasogea karibu. Ghala lilikuwa sasa kama kiganja, kisha kama kiberiti, nami nimeinama pua karibu iguse kioo. La nne likakaa. La tano lilikuwa njiani, limebakiza herufi sita, televisheni ikajikunja ikawa nukta nyeupe, na nukta ikafa.

Nilibonyeza herufi zile sita kwenye kioo cheusi, moja moja, mpaka ya mwisho.

Nyaga alicheka mpaka akalala chini. “Amemaliza gizani! Haihesabiwi hiyo!”

Ireri hakucheka. Alichomoa nyaya, akaipakia betri kwenye wilbaro, akaenda sokoni. Jumatatu alfajiri akaondoka na mashine. Nilipofungua daftari nikakuta ukurasa wangu wa herufi umechanwa, umeondoka naye. Nililia siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Nilisema moyoni sitamsamehe.

Baada ya majuma kadhaa ikaja barua yake, akiomba sabuni na soksi. Baba aliisoma kwa sauti, maana barua kwetu ilikuwa ya watu wote. Mwisho kabisa, baada ya salamu kwa Cucu, kulikuwa na mstari mmoja: “Mwambieni Wawira ile yake imekubali. Nyaga asiambiwe.”

“Ile yake ipi?” Baba akauliza.

Nikasema sijui, nikatoka nje kabla hawajauona uso wangu.

Kwa muda mrefu nilidhani furaha ile ilitoka kwenye barua. Leo naona haikutoka huko. Mimi nilijua toka Ijumaa, mbele ya kokoto, kwamba imekubali. Ndiyo maana niliweza kuendelea kubonyeza nikiwa sioni kitu. Barua iliniambia jambo jingine, la Ireri. Kuniambia “ninakuamini” kungemchoma mdomo, mvulana wa kidato cha pili, mbele ya Nyaga. Kuiba ukurasa kulikuwa rahisi zaidi. Alikwenda nao hadi bwenini, akakaa mbele ya wenzake, akafuata mwandiko wa msichana mzito wa darasa la sita, herufi kwa herufi, bila kuruka hata moja.