Kusukuma na Kusukumana

Mume wangu, Ellison Maelaua, alikuwa mkalimani wa mahakama hapa mjini Auki kwa miaka ishirini na miwili. Tulimzika Jumanne iliyopita. Watoto wataandika tarehe zake, ubatizo wake na shule alizosoma. Mimi nitaandika habari ya kesi ya baba yangu, kwa sababu watu bado wanaisimulia vibaya, na kwa sababu ndani yake mtamwona Ellison alivyokuwa.

Baba yangu, Basil, alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa meli, kwa miaka thelathini. Krismasi moja, akiwa na miaka sabini na mmoja, alikuwa anapanda meli ya kwenda kwetu kaskazini. Gati lilijaa watu, akaanguka kati ya meli na gati, akavunjika nyonga. Nyuma yake alikuwa Hedley, muuza popoo za kutafuna sokoni, ambaye baba alikuwa hapatani naye. Kaka zangu wakasema Hedley kamsukuma, na Hedley akashtakiwa. Aliyekuwa karibu kuliko wote ni Bibi Salome wa kwetu kaskazini, kule kwenye rasi, naye hajui lugha yoyote ila Kilau, lugha yetu.

Mkalimani wa Kilau pale mahakamani alikuwa mmoja tu, mume wangu.

Jumapili kabla ya kesi, baada ya ibada, kaka yangu mkubwa Clement alikuja na wadogo zake wawili. Wakakaa barazani, wakala muhogo wangu wote.

"Shemeji," Clement akasema, "hatukuombi udanganye. Polisi wameshaandika maelezo ya bibi kwa Kiingereza, kwamba ni *shove*. Bibi akisema kusukuma, na wewe sema hivyo hivyo. Basi."

"Nitasema atakachosema bibi."

"Kwani kusukuma kuna aina ngapi?"

"Nyingi."

"Sikilizeni huyu! Wewe umeoa kwetu au umeoa mahakamani?"

Wote wakacheka. Ellison naye akacheka.

Walipoondoka nilikuwa nampigia pasi shati la kesho. Nikamwambia, "Neno moja tu, Ellison. Ni baba yangu." Akaniita dirishani, akanionyesha nguruwe wetu wakigombea maganda.

"Wale wanafanya nini?"

"Wanasukumana."

"Nani anamsukuma nani?"

Nikatazama. Yule mweusi alikuwa amemwegemea mwenye madoa, mwenye madoa kambana mdogo, na mdogo kaingiza kichwa chini ya tumbo la mweusi.

"Wote," nikasema.

"Waingereza wana neno lake, *jostle*. Sasa mmoja akimlenga mwenzake akamtoa nje ya zizi, hiyo ndiyo *shove*. Hilo la pili lina mtu wa kufungwa jela. La kwanza halina."

"Kwani mtu hawezi kumsukuma mwenzake makusudi katikati ya watu?"

"Anaweza sana. Hata Hedley anaweza kuwa amefanya. Mimi sikuwepo, wala wewe hukuwepo. Kazi yangu ni maneno ya bibi, siyo mikono ya Hedley."

Sikuridhika. Nilimwambia kwamba akimwaibisha baba yangu asiniulize chakula. Nilisema hivyo siku ya Bwana, nikiwa nimetoka kushiriki meza yake asubuhi ile ile.

Kesho yake Ellison alimweleza hakimu kwamba aliyeumia ni baba mkwe wake, kwa hiyo pengine atafutwe mtu mwingine. Hakimu akauliza pande zote mbili. Hedley akajibu mwenyewe toka kizimbani, "Mwacheni tu, mheshimiwa. Nikifungwa, angalau nifungwe na mtu anayejua lugha." Hata askari alicheka.

Bibi Salome akaapa. Akaulizwa aliona nini.

"Walisukumana," akasema kwa lugha yetu.

Mwendesha mashtaka hakungoja tafsiri, alisimama na karatasi ya polisi mkononi. "Muulize kama mshtakiwa alimsukuma mzee Basil."

Ellison akauliza, neno kwa neno.

"Wewe kijana," bibi akamwambia mwendesha mashtaka, "umewahi kupanda meli ya Krismasi? Nimesema walisukumana. Watu, mabegi, nguruwe, magunia ya viazi. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba Mungu nifike na viatu vyangu."

Ellison aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, kati ya baba na Clement, na nilijua anajua nilipo. Kisha akatafsiri yote, hadi viatu, na lile neno la kwanza akalitamka taratibu: *jostle*.

Hakimu akafunua jalada. "Mkalimani, maelezo ya bibi yaliyoandikwa na polisi yanasema vingine. Una uhakika?"

"Nina uhakika, mheshimiwa. Lile la kwenye karatasi lina mkono wa mtu mmoja. Alilosema bibi lina mikono ya watu wote. Sina ruhusa ya kuuchagua mmoja."

Mashahidi wengine hawakuwa wameona kitu, na baba alisema hakumbuki alivyoanguka. Hedley akaachiwa.

Nje, Clement alitema popoo miguuni pa mume wangu. "Hongera, wakili wa Hedley." Baba akapita na magongo yake bila kumtazama.

Miaka sita baba hakukanyaga kwetu, wala kaka zangu. Na mimi nilikaa mwezi mzima nikimpikia Ellison bila kusema naye. Siku niliyofungua mdomo nilimwambia, "Ungesema tu lile moja." Akanijibu, "Halafu kesho ningeapa kwa jina la nani?" Hakuwahi kunikumbusha ule mwezi. Kila Krismasi aliwapelekea kaka zangu mguu wa nguruwe, na kila Krismasi ulirudi. Mwaka uliofuata anapeleka tena. Nilikuwa nikimwambia anajidhalilisha. Sasa namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu Ellison siwezi tena kumwomba.

Alifariki Jumapili, moyo ulisimama akiwa anavaa viatu vya kanisani. Jumatatu baba alikuja na lori kutoka kaskazini, akaketi kwenye mkeka karibu na mwili. Kaka zangu walikuja kwa ajili yangu, wakakaa mbali, karibu na jiko. Clement alimwambia binamu yetu, si kwa sauti ndogo, "Basi huko mbinguni wamepata wa kuwatafsiria."

Baba alisikia. "Clement, njoo hapa."

Clement akaja.

"Nani alinisukuma gatini?"

"Hedley, baba. Kila mtu anajua."

"Mimi nilikuwa nasukuma," baba akasema. "Nilitaka kupanda kabla ya wale vijana. Niliona uwazi, nikawapangua watu kwa mabega kama nilivyozoea, mguu ukakosa ubao. Hedley kama alinigusa sijui. Wote tulikuwa tunagusana."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilipozinduka hospitali mlikuwa mmeshasema ninyi, kwamba nimesukumwa. Nikaona ni afadhali. Serahangi kuanguka mwenyewe, gatini, maji yametulia? Wangesema Basil kazeeka." Akaweka mkono juu ya shuka lililomfunika Ellison. "Huyu alisema kilichotokea, na hakuwepo. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Nilitaka kumkasirikia baba nikashindwa, maana mimi pia nililitaka lile neno lingine.

Clement akamwangalia Ellison. Kisha akavua shati, akaenda makaburini, akamnyang'anya koleo mmoja wa vijana waliokuwa wakichimba kaburi. Walituambia jioni kwamba alichimba mpaka wenzake wakamsihi atoke apumzike, na hakutoka.