Jua Haliingii Kinywani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala mkasi. Nilipewa mgongo wa Mzungu. Ulikuwa mwekundu, umejaa malengelenge, na ajenti saniteri, yaani Mbelgiji aliyesimamia dispensari yetu kule Masisi, aliniwekea mkononi kopo la marhamu ya zinki akasema, "Paka polepole. Huyu jua limemupika." Nilikuwa kijana wa Kihunde niliyetoka shule ya wauguzi juzi, mwenye cheti kimoja na kiburi cha watu kumi. Nilishangaa hadi nikasahau kupaka. Kumbe Wazungu huungua!

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Dispensari ilikuwa ya kampuni ya madini, lakini Wazungu wote wa milimani walikuja kwetu. Ninyi vijana husema "Wazungu" kana kwamba ni rangi moja. Wapi! Mgiriki aliyeuza vitambaa Ngungu alishinda juani mwaka mzima akazidi kuiva vizuri, ngozi kama asali. Msimamizi wa barabara, Muitaliano, alianza na wekundu kidogo, na baada ya wiki mbili akawa kahawia. Lakini mkulima mmoja Mbelgiji alikuwa na wana wawili, baba mmoja mama mmoja: wa kwanza alipata rangi ya mkate, mdogo wake alichubuka pua kila likizo. Hapo nikajua kwamba kumuuliza mtu nchi yake hakutoshi, lazima umtazame yeye mwenyewe.

Ajenti alipoona napenda mambo hayo, alinifundisha kwa furaha. Alisema ngozi ya kila mtu ina wino wake. Kwa wengine jua likiita, wino unaitika mara moja. Kwa wengine hauitiki kamwe, na ngozi inaungua tu. Akanionya pia kwamba Masisi inadanganya, kwa sababu kuna baridi na mtu hasikii jua likimpiga. Nilianza kuwatazama Wazungu wote, mikono, shingo, nyuma ya masikio, mpaka mke wa mkulima akauliza kama ninataka kumnunua!

Aliyenipa kazi kuliko wote alikuwa mtafuta madini mmoja, Mflemi, yaani Mbelgiji wa kaskazini, mwenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi. Huyo wino wake ulikuwa umelala usingizi wa mauti. Kila mwezi aliungua, akachubuka, akaungua tena, na wafanyakazi, ambao hawakosi kumpa kila Mzungu jina, walimwita Bwana Pilipili. Alilijua jina hilo na alilicheka. Nilimpenda.

Katika miaka ya hamsini nilihamishiwa Walikale, chini ya daktari kamili, mtu mwenye haraka na sauti kubwa. Mflemi naye alikuwa huko, akitafuta madini msituni ng'ambo ya Buleusa. Siku moja alitoka porini baada ya miezi mitatu, na wafanyakazi wakapiga vigelegele. Bwana Pilipili alikuwa amekuwa kahawia! Walimzunguka, wakamshika mikono, wakasema sasa amekuwa mtu wa hapa. Yeye alitabasamu, lakini aliketi juu ya sanduku lake kama mtu aliyebeba mlima.

Daktari alimpima kwa dakika kumi. "Uchovu na malaria kidogo," alisema. "Kinini, siku mbili za kupumzika, halafu arudi pori."

Mimi sikuridhika. Mpishi wake, Papa Gaspari, Mnyanga wa kule kule Walikale, alikuwa amenivuta pembeni. "Kaka Anakleti," aliniambia, "bwana wangu iko nakula chumvi sana. Analamba kama mbuzi. Chakula anaacha mu sahani. Na asubui akisimama, anaanguka."

Nikaenda kumpelekea kinini na kumwomba afungue kinywa. Fizi zake zilikuwa na madoa meusi. Nikafungua viganja vyake: mistari ya mkononi ilikuwa imeingia giza, kama imechorwa kwa makaa. Sikujua ugonjwa ule unaitwaje, lakini nilijua kitu kimoja: mtu huyu akirudi msituni, hatatoka tena.

Na kumpinga daktari, juu ya mwili wa Mzungu, wakati ule! Muuguzi aliyenitangulia alijibu mara moja tu, akajikuta anafagia ua. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nilizunguka jengo mara tatu, nikaingia.

"Dokta, kule pori miti imefunika kila kitu. Jua haifike chini. Hii rangi imetoka wapi?"

"Muzungu akikaa Kongo, mwisho anazoea jua. Ni mimi dokta ao ni wewe?"

"Ni wewe, Dokta. Lakini jua haiingie mu kinywa. Fizi zake ziko nyeusi."

"Hata zako ziko nyeusi!"

"Zangu tangu kuzaliwa. Zake mwaka jana zilikuwa nyekundu. Wakati banamung'oa jino kule Masisi, ni mimi nilishika taa."

Daktari akachukua tochi, na mimi nikamfuata. Alitazama fizi, akafungua viganja, akapima shinikizo la damu, akapima tena. Alipoinuka sauti yake ilikuwa ndogo. "Tafuta dereva," aliniambia. "Sasa hivi!"

Baadaye alinieleza mwenyewe, akinichorea kwenye karatasi. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, na zikifa, mwili unapoteza chumvi, nguvu zinaisha, na ngozi inakuwa nyeusi hata pale jua lisipofika. Dawa ilikuwa mpya, hospitali ya mjini ilikuwa nayo. Kuanzia wiki ile, kila alipopima Mzungu, aliniita kwanza: "Anakleti, unaona nini?" Nilitembea Walikale kama ninaruka!

Nimestaafu zamani, na wauguzi wa leo wakija kunisalimia nawaambia: mjue mgonjwa rangi yake angali mzima. Wananicheka, wanasema siku hizi kuna mashine. Basi nawasimulia kilichobaki.

Mflemi alirudi baada ya miezi mingi, akiwa na vidonge vya kumeza maisha yake yote, akapewa kazi ya ofisini. Mwaka uliofuata niliishiwa nguvu mimi. Nilimwambia daktari nimechoka. Alinitazama usoni, mtu yule yule niliyemfundisha kutazama, akasema, "Uko muzima, rudi kazi." Siku tatu nilibeba ndoo na sindano, dunia ikizunguka. Siku ya nne Mflemi alipita kuchukua vidonge vyake, akasimama mbele yangu, akanivuta kope ya chini ya jicho kwa kidole.

"Anakleti," alisema, "leo hauko na rangi yako."

Damu yangu ilikuwa karibu kuisha kwa minyoo na malaria. Nilipona. Lakini siku ile, kabla ya dawa yoyote, nililia palepale mlangoni, kwa kuwa katika miaka yote niliyowatazama Wazungu, huyu ndiye wa kwanza aliyejua kwamba nami nina rangi inayoweza kupotea.